Jani la Sale na Usingizi wa Rubani

Mume wangu alikuwa kitindamimba, na hilo peke yake lilimnyima nusu ya usingizi wake. Kwetu mlimani, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Kaka zake hugawiwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kwingine au hushuka mjini kutafuta. Yeye alisomea urubani, akavaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, lakini hakuna mstari wa bega unaofuta desturi. Baba yake alizikwa tarehe 3 Juni 1989. Kabla mwaka huo haujaisha tulikuwa tumehamia juu ya mji mdogo wa Himo, kwenye nyumba ya mabati mekundu katikati ya migomba na mibuni, na mama mkwe wangu akatukabidhi ufunguo wa nyumba huku ule wa ghala akiubakiza kiunoni mwake.

Nitataja tarehe mara nyingi, na ninaomba nivumiliwe. Nilianza kushika kalamu nikiwa mtu mzima. Darasa la watu wazima niliingia mwaka 1983, kwenye ukumbi wa parokia, nikiwa na mtoto mgongoni; mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 1994, nimeketi na wasichana wa umri wa binti yangu. Mwalimu wangu wa kwanza hakusahihisha ukurasa usio na tarehe. Aliurudisha ulivyo, bila alama ya kalamu nyekundu, kana kwamba hakuna aliyeandika. Sitaki mume wangu arudishwe namna hiyo.

Kazi ya serikali aliipoteza mwaka 1993, wakati wengi walipopunguzwa. Kwa miaka miwili alilima kahawa iliyokuwa ikishuka bei kila msimu, na jioni aliketi barazani akitazama juu kila aliposikia mngurumo. Kisha, mwaka 1995, mtu mmoja wa upande wetu wa mlima, mfanyabiashara wa matairi aliyetajirika haraka baada ya milango ya biashara kufunguliwa, alinunua pamoja na wenzake ndege mbili kuukuu za pangaboi, akatangaza nauli ambayo hata mwalimu angeweza kuilipa. Sisi tulimwita Mkurugenzi, kwa kuwa ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuja mwenyewe kumchukua mume wangu, akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, barazani kwetu, akasema, "Kapteni, mimi na wewe tutawapandisha Wachagga wote juu ya mawingu."

Na walipanda. Ninalisema kwa haki, kwa sababu sitaki mtu adhani kwamba nilikuwa adui wa nauli nafuu. Niliwaona kina mama wa jumuiya yetu ambao maisha yao yote walikwenda Dar es Salaam kwa basi, miguu imevimba, sasa wakienda kwa ndege na mkungu wa ndizi ukiwa umeandikishwa kama mzigo. Mmoja wao alinishika mkono kanisani akasema mume wangu alimpitisha karibu na theluji hadi akajikuta anafunga kanga vizuri, kwa baridi ya macho tu. Nilijivuna. Sioni sababu ya kuficha kwamba nilijivuna.

Lakini nauli ile nafuu ililipwa mahali fulani, na taratibu nikaanza kuona ni wapi. Marubani walikuwa wachache kuliko safari. Ratiba ya zamu ilibandikwa ofisini Moshi, na kabla gundi haijakauka ilikuwa imebadilishwa. Mabadiliko yalipigwa kwa simu kwenye duka moja la Himo, na mwenye duka alimtuma yeyote aliyepanda mlimani. Nimepokea zamu za mume wangu kutoka kwa muuza maziwa, kutoka kwa katekista, na mara moja kutoka kwa mlevi aliyesahau siku ila akakumbuka saa.

Kilichoniuma zaidi ni namna ofisi ilivyohesabu mapumziko. Yalianza injini zilipozimwa na kuisha zilipowashwa tena. Safari ya kutoka uwanja wa ndege kupita Moshi hadi Himo, kisha kupanda kwetu, kuoga, kula, kusalimiana na mama yake, na kushuka tena alfajiri kwa gari lake dogo, vyote hivyo ofisini viliitwa usingizi.

Mwaka 1997 tulijaribu dawa. Alipanga chumba Majengo, mjini Moshi, ili siku za zamu mbili asipande mlimani. Chumba kilikuwa kizuri, lakini nyuma ya ukuta palikuwa na mafundi bati. Usiku palikuwa kimya, naye usiku alikuwa kazini au njiani. Mchana, alipolala, ndipo walipogonga karai na masufuria. Alitoka siku moja kuwabembeleza. Fundi mkubwa akaliangalia shati lake, akasimama kwa heshima.

"Kapteni, shikamoo. Unataka tugonge kwa kunong'ona?"

Alirudi nyumbani akinisimulia huku akicheka mpaka machozi. Mwezi uliofuata tuliacha chumba kile.

Kwetu hapakuwa na nyundo, lakini palikuwa na ndugu. Mwanaume anayelala mchana, mlimani, ni mgonjwa au ni mvivu. Na rubani akiwa nyumbani ni jambo la kwenda kutazama: wazee walikuja kusalimia, walikuja na kesi za mipaka, walikuja kuuliza kama ndege huweza kurudi kinyumenyume. Niliwazuia mlangoni. Mbuzi niliwafunga upande wa mbali, kuku nikawafukuzia kwa jirani, na wageni nikawaambia amelala.

"Amelala? Saa sita hii?" Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji yangu mkubwa, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Kwani anabeba nini huko? Si anakaa kwenye kiti!"

"Shikamoo, shemeji. Anakaa kwenye kiti na watu nyuma yake."

"Marahaba. Hata padri anakaa kwenye kiti na watu mbele yake, na hatujamsikia akilala."

"Shemeji, kwenye mahubiri ni ninyi mnaolala."

Aliondoka akitangaza njia nzima kwamba mke wa mdogo wake amesoma hadi amepitiliza. Nikaitwa mwanamke anayeficha mume. Mama mkwe wangu hakunitetea wala hakuniingilia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na desturi kwake ilikuwa kama nguzo ya kati ya nyumba: huiulizi kazi yake, hutaki tu iondolewe.

Jumanne, tarehe 10 Novemba 1998, mume wangu alirudi nyumbani alasiri akaketi jikoni, mahali ambapo wanaume wa kwetu hawaketi. Nilimpakulia kiburu, ndizi na maharage kama alivyopenda, hakugusa.

"Mama watoto," aliniambia, "leo nimelala."

Sikuelewa. Nikadhani ananipa habari njema.

"Nimelala angani. Nilikuwa naiona milima ya Usambara vizuri. Halafu nikasikia harufu ya machungwa, abiria walikuwa wanamenya machungwa nyuma, nikafumbua macho, Mawenzi ile mbele yetu, kubwa. Nikamgeukia rubani msaidizi nimuulize kwa nini hajaniamsha." Aliisukuma sahani kando. "Naye alikuwa amelala, kidevu kifuani. Ndege ilikuwa inakwenda yenyewe na watu wanakula machungwa."

"Wanajua?"

"Walinipigia makofi tulipotua."

Alhamisi ile alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi, akasema hatarudi kwenye kiti mpaka ratiba iwe na siku za kulala, na mapumziko yahesabiwe tangu mtu anapofika kitandani. Mkurugenzi alikuwa na watu wa benki chumbani. Alimjibu mbele yao kwamba rubani ni dereva kama madereva wengine. Kwamba dereva wa basi la Himo huendesha tangu alfajiri na hajawahi kuleta ombi la usingizi.

"Dereva wa basi akilala anaingia shambani," mume wangu alimwambia. "Mimi nikilala ninaingia mlimani."

"Basi nenda ukalale," Mkurugenzi akasema. "Lala kama mwanamke aliyejifungua. Nikuletee na mtori?"

Watu wa benki walicheka. Kwa mwanaume wa kwetu maneno hayo hayafutiki kwa soda. Alirudi nyumbani, akatundika shati jeupe nyuma ya mlango, na kuanzia siku iliyofuata, tarehe 13 Novemba, alilala.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama usingizi ule. Wiki ya kwanza aliamka kula tu. Wiki ya pili uso wake ulirudi. Ile ngozi ya kijivu chini ya macho ilitoweka, akaanza tena kuimba anapooga. Alipogoa mibuni. Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 29 Novemba, tulikwenda Misa kwa miguu, na njiani aliniambia kwamba mwakani ataomba kazi popote, hata kufundisha vijana, mahali ambapo mtu akisema amechoka anasikilizwa. Nilimwamini. Kitu pekee nilichokitaka Mungu anipe ni mume wangu asimame kwenye neno lile moja: nimechoka.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba, gari la Mkurugenzi lilipanda kwetu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alishuka na mzee mmoja wa ukoo wake na pipa dogo la mbege, na mkononi alishika jani la sale.

Kwa asiyetoka kwetu niseme hivi. Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Aliyekukosea akija ameshika jani lake, amekuja kuomba msamaha, na hukatai. Hata kama alimwaga damu, hukatai. Watu wameshindana miaka kumi mahakamani wakamalizana kwa jani moja. Kulikataa ni kujiapiza wewe na watoto wako.

Mkurugenzi alilishika kwa mikono miwili. Aliinamisha kichwa, yeye mwenye magari sita, akasema amemtukana mtoto wa watu mbele ya wageni na hajalala vizuri tangu siku ile. Ninaamini alisema kweli. Mume wangu alisimama muda mrefu akilitazama jani. Kisha akalipokea, na mama mkwe wangu, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kigoda chake, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mbege ikamiminwa. Ilipozunguka mara ya pili, Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya chini ya mtu wa nyumbani:

"Sasa, mdogo wangu, Krismasi ndiyo hii. Watu wetu wamejaa Dar, wanataka kuja kula nyumbani. Tiketi zimekwisha. Nitawaambia nini?"

Hapo nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Wanawake hatusemi kwenye kikao cha namna ile, lakini nilisema.

"Baba, umeleta sale kwa ajili ya tusi au kwa ajili ya ratiba?"

Mzee wa ukoo wake aligeuka kunitazama. "Mama, jani ni moja."

"Meku, mzee wangu, samahani. Sale huombea msamaha jambo lililotendwa. Haiombi ruhusa ya kulitenda tena."

"Kaa kimya, mwanangu," mama mkwe wangu alisema. Hakukasirika, alikuwa na hofu. "Mtu akipokea sale hasemi tena 'lakini'. Unataka kutuletea laana?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amelaza jani lile kwenye goti lake, analinyoosha kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akinyoosha ramani zake. Aliuliza kama ratiba itabadilishwa. Mkurugenzi akajibu, Januari, ndugu yangu, Januari kila kitu. Mume wangu akasema, "Haya. Mpaka Krismasi tu." Jumatatu asubuhi shati lilikuwa halipo nyuma ya mlango.

Siku zilizofuata aliwaleta wote. Kila aliye na kwao mlimani alitaka kufika kabla ya mkesha, na ndege zilikwenda na kurudi kama wanawake wachotao maji. Alipofika nyumbani sikumwona akila, nilimwona akitafuna. Tarehe 21 alilala na kiatu kimoja mguuni. Nilimwambia asiende kesho yake. "Nimeshapokea jani," alinijibu, na hilo ndilo neno la mwisho tulilojadiliana juu ya jambo lile.

Jumatano, tarehe 23 Desemba 1998, ndege yake ya mwisho ilitua salama mchana. Abiria walipiga makofi, nimeambiwa. Aliaga, akawasha gari lake dogo, akapita Moshi, akapita Njoro ambako alimpungia mkono mtu aliyemfahamu. Ilikuwa saa tisa, jua linawaka, barabara ya Himo imenyooka na haina shimo. Wanawake waliokuwa wakiuza nyanya kando ya lami waliliona gari likiacha barabara taratibu, bila breki, likashuka mtaroni na kuingia shambani hadi kwenye mti. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba walipofungua mlango alikuwa ameinama kwenye usukani kama mtu aliyeanza sala. Aliingia shambani, kama dereva wa basi.

Tulimzika Jumanne, tarehe 29. Kihamba kilijaa, kwa sababu watu wote walikuwepo nyumbani, na wengi wao ni yeye aliyewaleta. Walilia kwelikweli. Shemeji yangu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe alishindwa kusoma historia ya marehemu, ilibidi asomewe. Kisha Mkurugenzi akasimama kwa niaba ya kampuni, akamsifu vizuri sana, na mwishoni akasema: "Ndugu yetu alitutoka akiwa katika mapumziko yake."

Nilikuwa nimeketi na mama mkwe wangu kwenye mkeka. Nilisikia mkono wake ukitafuta wangu chini ya kanga. Katika mapumziko yake. Injini zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo alikuwa amepumzika. Neno lile lilimfukia kabla ya udongo.

Jumamosi, tarehe 6 Februari 1999, Mkurugenzi alipanda tena. Safari hii alikuja na mwanasheria aliyebaki ndani ya gari, na mkononi alishika jani la sale. Nilikuwa nimeketi barazani na mama mkwe wangu, tunapukuchua maharage. Tulimkaribisha, alikaa. Alisema amekuja kwa mjane na kwa mama, kuomba msamaha.

"Kwa jambo gani, baba?" nilimuuliza.

"Kwa yote, mama."

"Yote ni mengi. Taja moja. Alikuwa kazini au alikuwa mapumzikoni?"

Aligeuza macho kuelekea kwenye gari. "Hilo, mama, kisheria..."

"Sijauliza kisheria. Wewe hukuja na jani la kisheria."

Alinyoosha jani. Mikono yangu haikutoka kwenye maharage. Nilijua ninachofanya, na nilijua vijiji vitakavyosema. Nilingoja tu sauti ya upande wangu, ile iliyosema Desemba kwamba sale haina 'lakini'.

Mama mkwe wangu alijiinua kwenye kigoda, mkono kiunoni. Alisogea hadi mbele ya Mkurugenzi, akalikunja jani lile kwenye kiganja cha yule mtu, akalifunga kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Baba," alimwambia, "mwanangu alilipokea la kwanza kwa sababu nilimtazama. Hili rudi nalo. Ukiweza kusema alichokuwa anafanya siku ile, njoo, nitakukatia mwenyewe."

Kisha akarudi kuketi, akaendelea kupukuchua. Hakulia mpaka gari lilipopotea kwenye kona ya migomba.

Vijiji vilisema. Walisema tumekataa sale na kwamba nyumba yetu itaisha. Mama mkwe wangu aliwajibu wachache, na kwa wengine aliinua tu mabega. Alifariki tarehe 17 Mei 2002, akiwa amenikabidhi ufunguo wa ghala. Mkurugenzi hakuja kwenye msiba wake.

Kampuni ilifungwa baadaye. Ndege moja ilibaki uwanjani ikiota nyasi kwenye magurudumu. Alhamisi, tarehe 12 Agosti 2004, nilikutana na Mkurugenzi Himo, njia panda, nilipokwenda kununua mbolea. Alikuwa amezeeka, hana dereva. Alivua kofia.

"Mama, siku ile uliniuliza swali."

"Niliuliza."

"Nalifikiria. Alikuwa..." Alitazama barabara, ile iliyonyooka. "Alikuwa ametoka kazini."

"Hakutoka, baba. Hakuwahi kufika kitandani."

Alibaki na kofia mkononi. Nilimwambia njia ya kwetu anaijua, na siku atakayoweza kulisema neno hilo hadharani, hapo kaburini, mbele ya watu, asihangaike kubeba jani. Yapo. Tulipanda masale pande zote nne za kaburi, na yameota hadi kifuani.

Leo ni tarehe 8 Juni 2007. Ninayakata kila baada ya masika, ili njia ya kuingilia isizibe. Hajaja bado. Mbuzi ninaendelea kuwafunga upande ule wa mbali.